Hatua Mia Tatu na Kumi

Baoding, 8 Septemba 1991
Siku ya Umande Mweupe

Kwa ukoo wote wa Hao, walio hai na waliotangulia, wanaume kwa wanawake, na kuku watakaopenda kusikiliza:

Natangaza rasmi kwamba leo, saa moja na robo asubuhi, mdomo wangu wa chini umepasuka katikati. Ufa una urefu wa punje ya mchele. Hakuna aliyefariki.

Dada Mkubwa, hizo ndizo habari za mjini. Ukavu umetushukia mapema mwaka huu. Tangu katikati ya mwezi wa nane hatujaona tone. Pua za watoto zinatoka damu darasani, visigino vya akina mama vimefanya nyufa za kuingiza kidole, na kwa kuwa mtaa mzima tunalalia blanketi za nailoni za kiwanda chetu wenyewe, mtu akijigeuza kitandani cheche zinaruka, mke anadhani mume kawasha sigara.

Kaya mia nne zinakuja dirishani kwangu na thamosi zao, alfajiri, mchana na jioni, na kila anayefika ananipa ushauri uleule: "Fundi Hao, kunywa maji ya moto!" Mimi ndiye ninayeyachemsha. Ni kama kumshauri mwokaji aonje mkate.

Mwenzangu wa kazi, Mzee Geng, alistaafu mwezi uliopita. Sasa boila lote ni langu peke yangu. Ofisi ya kiwanda imesema nitaletewa mwenzangu hali ikiruhusu. Hali ya ofisi yetu unaijua, ni mtu mgumu wa kuruhusu.

Kuhusu maji usiniulize. Nakunywa. Ile chupa yangu ya kioo, Mama Fan wa ngazi ya kwanza ameifumia koti la uzi wa kijani, nayo imejaa chai muda wote. Asiyeamini aje aone.

Mdogo wako wa tatu,
Zhanmin


Beiliu, 14 Septemba

Wa Tatu,

Barua yako nimewasomea kuku. Wamesikitika.

Mimi sikukuuliza kuhusu maji. Mtu anayejibu swali ambalo hajaulizwa, mama alikuwa anamkagua mifuko.

Basi sasa nakuuliza. Mwaka jana siku kama hizi nilikaa kwenye benchi la hospitali nikikusikia unalia kama ng'ombe anayezaa, na kilichozaliwa ni jiwe dogo kuliko harage la soya. Daktari yule mwenye miwani alituambia sote wawili, mimi nikiwa na masikio mawili na wewe nadhani ulikuwa nayo pia: figo ya kulia imesinyaa haina kazi, imebaki ya kushoto, na ya kushoto inaishi kwa maji. Thamosi mbili kwa siku. Kila siku, hasa hewa ikikauka. Ya kushoto ikifa hakuna ya tatu ya akiba. Baba alikuwa nazo mbili na aliondoka bila hata moja, mwezi wa kumi, kukiwa kukavu hivihivi, na mpaka siku ya mwisho alikuwa akisema, "Sisikii kiu." Usingoje kiu, Wa Tatu. Kiu ni kama polisi, ikifika ujue tukio limeshatokea.

Mapeasi tumeyachuma. Ni madogo mwaka huu lakini utamu wake unaziba koo. Nimechukua ndoo mbili nikayachemsha siku nzima kwenye sufuria ya shaba ya mama, pamoja na tende nyekundu, sukari ya mawe na kipande cha tangawizi, mpaka ndoo mbili zikawa chupa mbili za shira nyeusi. Dereva wa lori la kijiji atakushushia. Sasa sikiliza kama mtu mzima. Kijiko kimoja ndani ya bilauri ya maji ya vuguvugu, koroga, kunywa. Mara sita kwa siku. Nimeifanya nzito kwa makusudi ili usiweze kuila bila maji.

Puani paka mafuta ya ufuta kwa ncha ya kidole. Beseni la maji liwe chini ya kitanda, hewa nayo inywe. Pilipili acha mpaka theluji ianguke.

Dada yako,
Shulian


Baoding, 25 Septemba

Dada Mkubwa,

Shira imefika salama, chupa zote mbili. Nairamba. Asubuhi kijiko, jioni kijiko. Najua uliandika bilauri, lakini kitu kizuri namna hii kukizamisha majini ni kama kumpanga bwana harusi kwenye foleni ya makaa. Mdomo umepona. Nimeanza kupasuka mahali pengine, nitakutangazia rasmi.

Juzi nilipata mgeni. Naibu Xu wa ofisini, kijana mwembamba, anatembea na daftari kama mtu anayetembea na mtoto mchanga. Alisimama mbele ya boila akalitazama juu mpaka chini.

"Fundi Hao, hapa mtu mmoja anatosha?"

"Anatosha."

"Hutoki toki?"

"Sitoki."

"Hata dakika tano?"

"Naibu, ukutani hapo umesoma?"

Ukutani kuna maandishi mekundu, Mzee Geng aliyaandika kwa mkono wake miaka hiyo: BOILA LENYE MOTO HALIACHWI PEKE YAKE. Akayasoma, akayanakili. Halafu akaniambia kwa upole, na upole wa ofisi ndio unaonitisha, kwamba wako wanaosema zama za boila zimepita. Kila kaya inunue birika la umeme. Akaniuliza chumba changu, hiki kilichoegemea ukuta wa boila, kina mita ngapi, maana baiskeli za kiwanda zinanyeshewa. Nikamwambia mwaka huu hakuna kinachonyeshewa.

Nimebakiza miaka miwili nistaafu, Dada. Nikifika hapo, chumba ni changu mpaka siku ya kubebwa. Boila likifungwa kabla, chumba ni cha baiskeli. Ndiyo maana nimesema anatosha. Nawe usije ukaandika kwa ofisi, nakujua.

Zhanmin


Beiliu, 30 Septemba

Mama Fan mpendwa,

Tulionana mwaka jana hospitalini. Mimi ni yule dada wa Zhanmin aliyekula nusu ya mkate wako akidhani ni wake. Naomba radhi mara ya pili, na naomba jambo.

Mdogo wangu anasema anakunywa maji. Ana tabia ya kusema. Wewe unapita dirishani kwake mara tatu kwa siku, na koti la chupa ile ulilifuma wewe, kwa hiyo una haki ya kulishika. Nitazamie chupa inajaa saa ngapi na inaisha saa ngapi. Usimwambie. Akishtuka sema unakagua kama uzi umelegea.

Nakutumia figili za chumvi kupitia dereva yuleyule. Ni zake, lakini chukua nusu. Nimezitia chumvi mara mbili ya kawaida. Atakayekula moja bila kunywa maji basi ni jiwe lenyewe.

Hao Shulian


Baoding, 6 Oktoba

Dada Shulian,

Nimefanya kazi uliyonituma, na mume wangu ananiuliza tangu lini nimekuwa mpelelezi. Nimemjibu tangu nilipoolewa naye.

Taarifa ni njema. Alfajiri chupa imejaa hadi shingoni. Mchana nikipita ni tupu, imebaki majani ya chai tu. Anaijaza mbele yangu. Jioni tupu tena. Siku tano mfululizo, hakuna tofauti. Nikamwambia, "Fundi Hao, leo unakunywa kama farasi wa mkokoteni." Akasema, "Dada yangu ananilipa kwa figili." Basi lala usingizi.

Figili amenipa nusu, kama ulivyosema, hata kabla sijamdai. Zake ameziweka kwenye kile kistoo cha Mzee Geng, pale kando ya boila, chenye vigae vyeupe, ambako Geng alikuwa akihifadhi kabichi zake. Pana ubaridi mzuri, mtungi wa chumvi unapapenda.

Yeye mwenyewe naona amepungua kidogo na uso umekuwa na rangi ya karatasi ya zamani, lakini nani asiyekauka mwaka huu? Mimi mwenyewe nikisalimiana na mtu kwa mkono tunapigana shoti. Miti yote ya uani imenyauka. Uzuri pekee tulionao ni mpilipili wa mdogo wako, ule alioupanda kwenye kopo la rangi pale dirishani. Ungeuona! Majani meusi kwa unene, umenipita kiuno, na una maua mengine mapya, mwezi wa kumi huu. Watu wanakuja kuutazama.

Samahani kukuuliza, na wewe huko unakunywa ngapi kwa siku?

Fan Guizhi


Beiliu, 12 Oktoba

Wa Tatu,

Nimelima miaka hamsini. Mpilipili kwenye kopo, mwezi wa kumi, katika mwaka ambao hata magugu yameomba ruhusa ya kuondoka, haurefuki mpaka kiunoni mwa Mama Fan kwa neema ya mbinguni. Mama Fan si mfupi. Mpilipili huo unakunywa thamosi mbili kwa siku.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kwako penye maji hapana mnywaji.

Sikasiriki. Nimechoka kukasirika, nimekaa hapa chini ya taa na magoti yananiuma, nataka kujua tu. Ungekuwa mvivu ningeelewa, ungekuwa mjinga ningekuzoea. Lakini mtu anayejaza chupa mara tatu kwa siku na kuimwaga mara tatu kwa siku anafanya kazi kubwa kuliko kuinywa. Kwa nini?

Niandikie ukweli. Ukiniandikia utani nitapanda basi.

Shulian


Baoding, 18 Oktoba

Dada Mkubwa,

Usipande basi. Haya, ukweli.

Choo kiko yadi ya mashariki, nyuma ya karakana ya rangi. Hatua mia tatu na kumi kwenda, mia tatu na kumi kurudi, na katikati kuna foleni ya watu wa karakana hiyo ambao hawana haraka na maisha. Ukikurupuka kwenda na kurudi ni dakika kumi na tano. Mtu wa umri wangu anayekunywa thamosi mbili anakwenda mara nane.

Alipokuwepo Mzee Geng tulipokezana, mmoja akienda mwenzake anabaki na mshale wa kipimo cha mvuke. Sasa nabaki na nani? Nilijaribu mara moja, mwezi wa nane, siku ya pili tu baada ya yeye kuondoka. Niliporudi nikakuta mshale umepita alama nyekundu, na mama mmoja wa ngazi ya tano amesimama mbele yake, anakigonga kioo chake kwa ufunguo wa nyumba. Akaniambia, "Fundi, kidude chako kimekwama." Hakikukwama, Dada. Nilifungua valvu kwa mikono mitupu, nikaiunguza yote miwili. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu ishirini na sita na watoto. Nikaapa siku ile.

Kwa hiyo nakunywa nusu kikombe alfajiri kabla ya kuwasha moto, na kikombe kimoja jioni nikishauzima. Katikati hapo mimi ni ngamia. Chai nampa mpilipili kwa sababu Mama Fan anaishikashika chupa yangu kama mkunga anayepima tumbo. Nilijua ni wewe.

Najua utasema nijisaidie kwenye kopo. Usiseme. Watu wanakunywa maji ya chumba hiki. Siku mmoja wao akiona kopo nyuma ya boila, hata likiwa jipya, hata likiwa tupu, hata likiwa na maua na kifuniko, hakuna atakayeleta tena thamosi yake hapa, na Naibu Xu ataandika ukurasa mzima.

Na nikienda ofisini kusema mtu mmoja hatoshi, jibu wanalo mfukoni: basi lifungwe. Ndiyo hivyo. Nimeligeuza jambo hili kila upande na kila upande lina choo kile kilekile, mbali vilevile.

Imebaki siku ishirini na nane mabomba ya kupasha nyumba joto yafunguliwe mjini. Yakifunguliwa nitaletewa kibarua wa majira ya baridi, ndiyo desturi. Siku ishirini na nane naziweza. Maumivu hakuna. Mwandiko umepinda kwa sababu naandika nimesimama, na nimesimama kwa sababu kiti kimelegea.

Zhanmin


TELEGRAMU
Baoding, 24 Oktoba
ZHANMIN HOSPITALI JIWE FIGO KUSHOTO NJOO FAN


Baoding, hospitalini, 1 Novemba

Dada Mkubwa uliyeko chumbani kwangu,

Mama Fan anasema magoti yako hayakupandishi tena ngazi za huku, kwa hiyo tuandikiane, yeye atakuwa posta. Ajabu yake: maisha yetu yote tumeandikiana tukiwa mbali, sasa tuko mji mmoja na bado tunanunua karatasi.

Jana jiwe lilitoka. Daktari, siye yule wa miwani, huyu ni msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wako, amenionyesha kwenye sahani. Akaniuliza kama nataka kulihifadhi. Nikamwambia la kwanza ninalo, yataanza kugombana. Hakucheka. Amesema figo imechoka lakini ipo. Amesema pia, na hili alilisema akiwa amekaa kitandani kwangu, jambo ambalo madaktari hawalifanyi kwa habari njema, kwamba ikizibwa mara nyingine hatakuwa na cha kuokoa. Thamosi tatu kwa siku sasa. Imepanda.

Hapa nakunywa. Sina ujanja, nesi anasimama mpaka nimalize. Choo kiko hatua kumi na mbili kutoka kitandani. Hatua kumi na mbili, Dada! Naishi kama mfalme. Jana nilikwenda mara tisa, na mara mbili kati ya hizo ilikuwa kwa raha tu.

Watu wa mtaani wamekuja kunitazama na kila mmoja ameleta kitu cha kulainisha koo: mapeasi, asali, uyoga mweupe wa kuchemsha. Jirani yangu wa kitanda, mzee wa Xushui mwenye mguu uliovunjika, anavila vyote. Ngozi yake imekuwa ya mtoto.

Ile siku yenyewe siikumbuki sana. Nakumbuka nilifunga hewa ya tanuri kwanza, nikafungua valvu, nikahakikisha mshale unashuka, ndipo nikaanguka. Naibu Xu alinitembelea akalisifu hilo. Aliliandika.

Sasa lililo kubwa. Nimelala hapa siku nane nikitazama dari na nimechoka. Sijachoka kwa ugonjwa. Nimechoka kuhesabu. Miaka miwili iliyobaki ni siku mia saba na zaidi, na kibarua wa majira ya baridi huondoka mwezi wa tatu. Halafu nirudi kuwa ngamia? Msichana amesema hatakuwa na cha kuokoa. Nimemwambia Naibu Xu naacha. Jumatatu saa nne ataleta karatasi nitie sahihi: naacha boila, narudisha chumba. Alinishukuru. Alisema baiskeli zitafurahi, nadhani alikuwa anajaribu utani.

Naomba pale Beiliu unipe kibanda cha kuhifadhia mapeasi. Sili sana. Mpilipili nitakuja nao, nao hauna tena kazi.

Mwambie Mzee Geng asante kwa kurudi kunishikia boila siku hizi nane, uzee wake wote. Nawe usikae dirishani kutwa, vumbi la makaa linakausha kuliko upepo.

Mdogo wako,
Zhanmin


Baoding, chumbani kwako, 2 Novemba

Wa Tatu,

Usitie sahihi. Soma kwanza mpaka mwisho, kisha kunywa bilauri, kisha usome tena.

Kazi yako ninaijua sasa. Geng anasukuma makaa, mimi nipo dirishani nakusanya tiketi za maji. Kaya mia nne ni nyingi. Hakuna hata mmoja anayepita bila kuniambia, "Mama, kunywa maji ya moto." Siku ya kwanza niliwajibu. Siku ya pili niliwatazama tu.

Na nitakuambia jambo la aibu. Mimi niliyekuandikia polisi na kiu, siku hiyo ya kwanza sikunywa. Asubuhi nilimuuliza Geng choo kiko wapi, akanyoosha mkono mashariki. Nikatazama magoti yangu, nikatazama mashariki, nikakirudisha kikombe mezani. Kufikia saa sita midomo ilikuwa imenishikana. Hapo ndipo nilipokusamehe, Wa Tatu. Nilikuwa nimekusamehe kwa maneno tu hapo awali.

Leo mchana nilitaka figili ya kulia uji. Nikaingia kwenye kile kistoo. Mtungi wako ulikuwa nyuma ya rundo la kabichi za Geng, za mwaka gani sijui, zimekauka zimekuwa kama magazeti. Zimepangwa juu ya ubao. Nikauvuta ubao nipate pa kukanyaga.

Unajua ni kwa nini mtu anaweka vigae vyeupe ukutani kwenye chumba cha makaa? Mimi sijui mambo ya mjini, lakini nililisimamia swali hilo. Halafu nikatazama chini. Halafu nikatazama juu, nikaona kitangi cha chuma karibu na dari, na mnyororo umefungwa fundo ili usining'inie kwenye kabichi.

Nikamwita Geng.

"Mzee Geng, hiki ni nini?"

"Kistoo."

"Kabla hakijawa kistoo?"

Akafikiri. Akavuta sigara yake. "Ah. Kilikuwa choo cha wapika maji. Bomba liliganda majira ya baridi ya mwaka wa themanini na mbili. Tukaweka kabichi."

"Na bomba?"

"Lilitengenezwa."

"Lini?"

"Masika yaliyofuata. Lakini kabichi zilikuwa zimeshazoea."

Nilikaa juu ya ndoo ya makaa. Nikamwambia, "Mdogo wangu alikuja hapa kazini mwaka wa themanini na tatu. Hakukuuliza choo kiko wapi?"

"Aliuliza siku ya kwanza kabisa. Nikampeleka ninakokwenda mimi."

"Mia tatu na kumi?"

"Sijawahi kuhesabu," akasema. "Mimi nilikuwa napenda kile kimatembezi. Watu wa karakana ya rangi wana hadithi nzuri." Kisha akazima sigara ambayo haikuwa imeisha. "Dada, kwani yeye alikuwa hapendi?"

Nilitaka kumpiga na figili. Lakini ana miaka sitini na tisa, amerudi kubeba makaa bila kuombwa mara mbili, na macho yake yalikuwa yamejaa maji, mwaka huu ambao hakuna mwenye maji. Tukatoa kabichi pamoja. Tumejaza mikokoteni miwili. Mama Fan alileta sabuni na ufagio, alisugua vigae huku akiwatukana wanaume wote wa mkoa wa Hebei, mmoja mmoja kwa majina.

Naibu Xu alipita jioni, akasimama mlangoni na daftari lake. Akaniambia chumba hicho kwenye ramani ya ofisi kimeandikwa choo. Kimeandikwa hivyo miaka yote. Alidhani tunajua.

Kitasa kinafungwa kwa ndani. Mlango ukiwa wazi unauona mshale wa boila ukiwa umechuchumaa, nimekagua hilo mwenyewe. Mtungi wa figili nimeuhamishia chini ya kitanda chako. Mpilipili nimeupunguzia maji, unanuna.

Mwambie msichana daktari thamosi tatu ni sawa.

Dada yako,
Shulian

Nimesahau kukuandikia. Fundo la mnyororo lilikuwa gumu, nililifungua kwa meno. Nikavuta. Maji yalishuka palepale, kwa mvuto wa kwanza. Kutoka kwenye kiti chako ni hatua tisa.